Mrejesho: bomba la Tanga na mafuta yenye nta

Assalaam alaykum. Niliuliza kwa nini bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, lipashwe moto. Mlinijibu: mafuta yale yana nta nyingi.

Nimejaribu hapa Wete. Niliyeyusha kipande cha mshumaa ndani ya mafuta ya kupikia. Yakiwa moto yalimiminika kama maji. Yalipopoa yakaingia ukungu, kisha yakaganda kabisa. Nikapindua kikombe, hata tone! Nilipoyakoroga kwa kijiti, yakalegea bila moto.

Kumbe chembe za nta hushikana kama wavu, mafuta yakanaswa ndani. Nimeelewa sasa kwa nini bomba linawekwa kwenye joto la juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Likisimama likapoa, kulisukuma tena ni kazi kubwa.

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Kesho nakipeleka kikombe skuli.