Gumzo la ukoo: Shangazi anapelekwa jumba la Hearst

Zuhura (California): Shangazi shikamoo. Jumamosi ijayo jiandae, nakutoa nje kidogo. Tunakwenda San Simeon, tunafuata barabara ya pwani. Kuna jumba la Hearst juu ya kilima, halafu ufukweni kuna sili, wale wanyama wa baharini.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Jumba la mfalme gani hilo?

Zuhura: Si mfalme, ni tajiri wa magazeti, William Randolph Hearst. Mama yake alifariki 1919 akamwachia ranchi, na mwaka huo huo akaanza kujenga.

Nassoro: Kumbe Wamarekani nao wana makasri 😂 si waliwakataa wafalme?

Zuhura: Waliwakataa wafalme, makasri wakayataka. California hii yako kadhaa. Kule ziwa Tahoe kuna Vikingsholm, mama mmoja tajiri aliijenga 1929 kwa mtindo wa Skandinavia, sehemu ya paa imeoteshwa majani. Jangwani Death Valley kuna kasri la Scotty. Huyo Scotty alikuwa akiwaambia watu amejenga kwa dhahabu ya mgodi wake, kumbe mgodi hakuna, pesa zote za rafiki yake mwenye kampuni ya bima Chicago.

Mama Fadhili: Hao wako kila nchi

Zuhura: Mafuriko ya Oktoba 2015 yaliliharibu vibaya, kwa hiyo hilo tuliache. Hearst ndiyo penyewe.

Baba Mdogo Kassim: Nimetoka saiti sasa hivi ndiyo nasoma. Hilo jumba ni mawe au zege?

Zuhura: Shikamoo Ba'mdogo. Zege na nondo, kwa sababu ya matetemeko. Nyumba kubwa mbele ndiyo imevishwa mawe ya chokaa kutoka Utah, ukiiona utadhani kanisa kuu la Uhispania. Desemba 2003 lilipiga tetemeko zito jirani tu na hapo, mji wa Paso Robles watu wawili wakafa. Jumba lilipata mikwaruzo midogo.

Baba Mdogo Kassim: Marahaba. Basi aliyesimamia alijua kazi. Nani?

Zuhura: Mwanamke. Julia Morgan. Alisoma uhandisi Berkeley kwanza, akaenda Paris kwenye chuo cha usanifu ambacho kabla yake hakikuwahi kupokea mwanamke katika fani hiyo. Ofisi yake ilikuwa San Francisco. Mwisho wa wiki anapanda treni ya usiku, anashuka San Luis Obispo, anachukua teksi mpaka saiti, Jumapili anarudi. Fanya hivyo miaka na miaka.

Mama Fadhili: Miaka mingapi?

Zuhura: Ujenzi ulianza 1919 ukasimama 1947.

Mama Fadhili: Miaka 28! Mume wangu banda la kuku tu limemshinda mwaka wa pili 😭

Zuhura: Na haikuisha. 1947 mzee alikuwa mgonjwa wa moyo, akahamia karibu na madaktari, ujenzi ukaishia hapo. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe. Bwawa la nje, linaitwa Neptune, lilijengwa, likavunjwa likapanuliwa, likavunjwa tena. Minara ilishakamilika, akaiangalia akaona imekaa mitupu, ikafumuliwa ikapambwa upya.

Baba Mdogo Kassim: Huyo mteja namjua! Unamaliza plasta, vigae vimekaa, anakuja na chai mkononi: "Fundi, hivi huu ukuta tukiusogeza kidogo?" Hasira huna pa kuipeleka. Ila wangu mimi malipo ndiyo yanasumbua, huyo alikuwa nazo.

Zuhura: Alikuwa nazo mpaka hakuwa nazo. Miaka ya 1930 madeni yalimkaba, 1937 kazi karibu isimame. Vitu vya thamani vingi vikauzwa.

Shangazi Rukia: Vyumba vingapi?

Zuhura: 165, ukihesabu na nyumba tatu za wageni. Mabafu 61.

Shangazi Rukia: Subhanallah. Sasa mabafu 61 nani anasugua?

Nassoro: 😂😂😂 Shangazi!

Zuhura: Mimi kinachonichekesha ni chumba cha kulia. Meza ndefu kama ya watawa, juu zinaning'inia bendera za mji wa Siena wa Italia, vinara vya fedha vimepangwa katikati. Halafu pale pale kati ya vinara, chupa ya tomato sosi na kopo la haradali, na leso za karatasi. Si kwamba watunzaji wamesahau. Hearst mwenyewe ndivyo alivyotaka, eti hapa ni ranchi, tusijikweze. Wageni wenyewe kina Charlie Chaplin, na Churchill alifika 1929.

Mama Fadhili: Tusijikweze na mabafu 61

Nassoro: Nimegugo. Mbona picha zina pundamilia???

Zuhura: Wapo. Alikuwa na bustani ya wanyama yake binafsi: twiga, ngamia, kangaruu, dubu, kila kitu. Pesa zilipokata wakaanza kugawiwa na kuuzwa. Pundamilia waliokuwa wakijilisha porini wakabaki, wakazaana. Sasa wanazidi 100, wanakula na ng'ombe wa ranchi. Ukibahatika unawaona toka barabarani.

Nassoro: Kwa hiyo Shangazi kakata tiketi ya ndege kutoka Tanga kwenda Marekani kuangalia pundamilia

Shangazi Rukia: Wewe Nassoro hata Mikumi hujanipeleka. Nyamaza.

Baba Mdogo Kassim: 😂 Amekupata.

Shangazi Rukia: Hao sili nao ni wa yule bwana?

Zuhura: Hapana, hao hakuwaleta mtu. Ni sili-tembo. Dume anafika mita 4 na zaidi, uzito tani mbili, pua imeshuka kama mkonga mfupi. Karne ya 19 waliwindwa kwa ajili ya mafuta wakabaki wachache mno, kwenye kisiwa cha Guadalupe huko Mexico. Mexico ikawalinda 1922, Marekani ikafuata. Polepole wakaongezeka. 1990 kikundi kidogo kikajitokeza ufukwe wa Piedras Blancas, kilomita kama 7 toka geti la jumba. 1992 akazaliwa mtoto wa kwanza pale. Leo wanaotumia ufukwe ule ni maelfu kwa maelfu.

Mama Fadhili: Wanauma?

Zuhura: Sisi tunasimama juu, kuna njia ya mbao na uzio. Kuwasogelea ni kosa kisheria. Na Januari ndiyo wakati wake hasa: majike wanazaa, madume wanapigana. Dume akishapanda ufukweni anakaa mpaka miezi mitatu bila kula kitu, analinda tu majike wake. Wanainuka kifua kwa kifua, wanagongana, damu shingoni. Mlio wake kama pikipiki mbovu inayokataa kuwaka. Mtoto ananyonya kama siku 28, anavimba kutoka kilo 30 na ushee hadi zaidi ya 100, halafu siku moja mama anaingia baharini, ndiyo basi. Kuogelea atajifunza mwenyewe.

Shangazi Rukia: Mama gani huyo!

Zuhura: Shangazi na yeye muda wote huo hajala. Anakwenda kutafuta riziki.

Shangazi Rukia: Basi nimemsamehe. Tuanze na hao asubuhi, jumba baadaye.

Zuhura: Sawa, na kule ni bure. Jumbani tiketi nakata mapema, unaachwa chini halafu basi linakupandisha. Kuna ziara ya watu wenye shida ya magoti, ngazi si nyingi, nitachukua hiyo. Beba sweta zito na mtandio, upepo wa pale haucheki na mtu. Na harufu ya sili, uvumilie.

Shangazi Rukia: Mimi nimekulia soko la samaki, usinitishe.

Baba Mdogo Kassim: Dada Rukia, bwawa la Neptune nasikia linaingia maji lita kama milioni 1.3. Mlimani hivyo, halivuji?

Zuhura: Lilivuja sana. 2014 wakati wa ukame wakalikausha, wakabandua vigae, wakaziba, likajazwa tena 2018.

Baba Mdogo Kassim: Nilijua tu. Dada, picha za dhahabu na masanamu mpelekee Mama Fadhili. Mimi nipigie kona za bwawa, karibu kabisa, nione maungio yalivyokaa. Na ukipata fundi wa pale muulize wameziba kwa kitu gani.

Shangazi Rukia: Kizungu cha "maungio" nitakitoa wapi mimi?

Baba Mdogo Kassim: Mwoneshe kidole tu, fundi ataelewa.