Mama aliingia wodini kwa miguu yake, akavunjika nyonga humo humo. Nani anawajibika?

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Mama yangu ana miaka 76. Alilazwa kwa ajili ya presha katika hospitali moja kubwa ya serikali hapa Uganda. Usiku akaamka kwenda chooni, akateleza, nyonga ikavunjika. Neno la kwanza la sista wa zamu lilikuwa: "Atendanti wake yuko wapi?" Atendanti ni dada yangu, amelala kwenye mkeka chini ya kitanda kama wote wanaouguza wodi ile. Yaani mgonjwa akianguka, kosa ni la familia!

Hebu oneni mahali penyewe. Kitanda kinafika kiunoni na hakina vyuma vya pembeni. Taa ya korido imeungua. Choo kiko mwisho kabisa, sakafu ina maji saa zote kwa sababu watu wanaoga na kufua humo, na ukutani hakuna hata kipande cha bomba cha kushika. Jioni ile mama alikuwa amepewa vidonge vya presha pamoja na dawa ya kumkojoza. Aliyesomea uuguzi anajua mzee wa namna hiyo ataamka usiku na atapata kizunguzungu akisimama ghafla. Hakuna aliyemwonya, hakuna aliyemwachia hata beseni la kukojolea kando ya kitanda.

Kinachoniuma zaidi ni cha nyuma. Mwaka juzi mama alijikwaa uani akavunjika kifundo cha mkono. Hakugongwa na boda, alianguka tu kutoka kimo chake. Eksirei, plasta, nenda nyumbani. Mtu mzima akivunjika kwa anguko dogo kama lile, mifupa imeshadhoofika, na hatari ya kuvunjika tena inakaribia kuwa maradufu. Dawa za kuimarisha mifupa zipo. Alendroneti ni kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Nani alitutajia? Najua wodi za mifupa zimejaa vijana wa ajali za boda na madaktari wamechoka. Lakini kumwuliza bibi kizee "umewahi kuanguka?" hakuhitaji mashine wala bajeti.

Uingereza wana rejista ya wazee waliovunjika nyonga tangu 2007. Kila hospitali inapimwa: mgonjwa alipasuliwa ndani ya saa 36? Alionwa na daktari wa wazee? Alipewa dawa ya mifupa na kupimwa hatari ya kuanguka tena? Mama yeye alifungwa uzito mguuni, akalala chali akingoja upasuaji, na sisi tukaandikiwa karatasi ya vyuma vya kuungia nyonga tukanunue mjini. Ada zilifutwa hospitali za serikali mwaka 2001, lakini vyuma tulinunua. Posho ya wazee yenyewe ni shilingi 25,000 kwa mwezi, tena mpaka ufikishe miaka 80. Na kulala huku ndiko kunakoua: vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni. Majirani walitusihi tumpeleke kwa mganga wa kuunga mifupa. Siwalaumu, ila nyonga haiungwi kwa kukandwa, na aliyeona mgonjwa akingojeshwa hivyo ataelewa kwa nini watu wanakimbilia huko.

Nilipoomba kitabu cha matukio ya wodi, niliambiwa kuanguka hakuandikwi. Basi mkuu wa hospitali atajuaje wangapi wameanguka kwenye choo kile? Namwandikia barua na hilo ndilo la kwanza. Nadai vyuma vya kushika chooni, taa ya usiku, na kila mzee anayelazwa aulizwe habari za kuanguka siku hiyo hiyo.

Aliyewahi kuanguka wodini, au ambaye mgonjwa wake alianguka humo, aandike hapa chini: wodi ya aina gani, mchana au usiku, na aliambiwa nini. Majina ya wagonjwa msiweke. Maelezo yenu nitayaambatanisha kwenye barua.