Naomba ushauri: kuhamisha faili na mipangilio kwenda akaunti mpya, Windows 10

Habari wakuu. Kompyuta ya nyumbani, akaunti ya zamani inaitwa Baba, mpya inaitwa Ofisi, zote diski C. Mafaili si tatizo. Nimeingia kwa akaunti ya tatu yenye haki za msimamizi, zile mbili zimetoka kabisa, kisha natumia amri hii ya kunakili:

robocopy C:\Users\Baba\Documents C:\Users\Ofisi\Documents /E /XJ /R:1 /W:1

Bila /R:1 (rudia mara moja tu), faili moja iliyofungwa inajaribiwa mara milioni, kila baada ya sekunde 30, utakesha. Nanakili, sikati na kubandika, kwa sababu faili likihamishwa ndani ya diski ileile huja na ruhusa za mwenye zamani, na Ofisi anakataliwa kulifungua.

Firefox nayo rahisi: folda nzima ya profaili, ikiwemo key4.db na logins.json (faili za ufunguo na nywila), ambazo lazima ziende pamoja. Chrome ndiyo kichomi. Nywila zake zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows, ukinakili folda zinafika zikiwa hazisomeki. Hizo nitazitoa kwa CSV (faili la maandishi ya kawaida) ningali ndani ya Baba, niziingize kwenye Chrome ya Ofisi, kisha niifute CSV hiyo.

Ninapokwama ni mipangilio ya programu iliyo kwenye rejista (hifadhidata ya mipangilio ya Windows). NTUSER.DAT, faili lenye rejista ya akaunti nzima, sitaigusa. Nikitoa tawi la programu moja tu chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software kuwa faili la .reg, nikabadilisha kila C:\\Users\\Baba kuwa C:\\Users\\Ofisi kwa Notepad, inatosha? Njia za folda zilizohifadhiwa kama hex (namba za msimbo badala ya herufi) hazionekani kwenye utafutaji huo. Mnazishughulikiaje?