Tupeane uzoefu: kupumzika mitandao bila kupitwa na misiba wala michango

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za muda huu. Mapumziko mengi ya mitandao hayamalizi wiki. Mtu anazima vyote kwa mkupuo, anapitwa na msiba wa ukoo au tangazo la shule ya mtoto, anarudi mbio na kumezwa upya. Kinachochosha ni kuperuzi, si taarifa. Tupeane njia za kutenganisha hivyo viwili.

Mdau wa Mbagala
Anzeni na WhatsApp. Grupu la ukoo msijitoe, mtaeleweka vibaya. Bonyeza jina la grupu ushikilie, kisha gusa kile kisanduku chenye mshale unaoshuka (Archive, yaani kuliweka grupu kando). Likishaingia humo halipandi tena juu wala halilii, ila mtu akikutaja kwa @ au akijibu ujumbe wako, unapata taarifa. Kwa hiyo mwambie mtu mmoja wa nyumbani: kukiwa na msiba, ugonjwa au mchango wenye tarehe ya mwisho, akutaje au akupigie. Mwambie kabla hujaanza, hapo ndipo wengi wanapokosea.

Halafu nenda Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uondoe tiki zote za picha na video kujipakua zenyewe, kwenye data ya simu na kwenye Wi-Fi pia. Ukisahau ya Wi-Fi, ukifika ofisini tu simu inajaa video za "asubuhi njema". Mwisho, kwenye Faragha, upande wa makundi, ruhusu wenye namba ulizohifadhi tu kukuunga. Usipofanya hivyo, kila kamati mpya ya harusi inakuvuta.

Bi Mkunga
Nakazia hilo la kumwambia mtu, mwanangu. Kwa wanaotaka kukata kabisa wikendi, hamishieni laini kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Simu janja nyingi zinatumia laini ndogo kabisa, na vitochi vingi vinakula kadi kubwa. Nunua kile kifremu cha plastiki cha kuishikia laini ndogo. Ukiitumbukiza laini tupu inakwama ndani, na ukiivuta kwa nguvu unapinda pini. Tena, majina mengi yamehifadhiwa Google, si kwenye laini, hivyo kitochi kitaonyesha tarakimu tupu. Ijumaa jioni andika namba 15 za lazima kwenye karatasi. Kwa mlioko Voda, M-Pesa haikatiki, *150*00# inapiga kama kawaida. Simu janja izimwe kabisa, iwekwe kabatini. Ikibaki na Wi-Fi, WhatsApp inaendelea kuingia hata bila laini.

Fundi simu
Kuondoa programu kwenye simu si kufunga akaunti. Facebook ukiisimamisha, Messenger inaweza kubaki hai. Ukiomba kufuta kabisa Facebook, Instagram au TikTok, una siku 30 za kughairi. Angalieni hapa: ukiingia kwenye programu nyingine uliyojiunga nayo kwa akaunti ya Facebook, akaunti uliyoisimamisha inafufuka.

Mwanzisha uzi
Shukrani, mama, na wewe fundi. Na anayeuza bidhaa mtandaoni afanyeje? Wateja hawasubiri.

Fundi simu
Mkuu, atumie WhatsApp Business, sehemu ya ujumbe wa kutokuwepo, unaojituma wenyewe kwa mteja. Apange saa 2 usiku hadi saa 1 asubuhi, kwenye simu iandikwe 20:00 hadi 07:00. Aandike bei, mahali alipo na muda atakaojibu. Data asizime, maana simu isipokuwa na intaneti ujumbe huo hautoki. Azime milio tu, na simu ilale sebuleni.