Tupeane uzoefu: Mzee karudi nyumbani kutoka wodini, kazi yenyewe inafanywaje?

NyarAhero
Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, hamjambo. Mzee akitoka wodini, familia hupewa bahasha ya dawa na neno moja: "mtunzeni." Namna ya kutunza haiandikwi popote. Pole na masimulizi tutapeana siku nyingine. Hapa tuweke kazi: nini kinafanywa, saa ngapi, kwa kifaa gani, na huharibikia wapi. Naanza na swali. Mzee amepooza upande mmoja, hajigeuzi. Mtu mmoja atamgeuzaje bila kujivunja mgongo?

SistaWaNjoro
Leso mbili za pamba, mito minne na saa ya ukutani.

Simama upande atakaoelekea. Mkono wake ulio karibu nawe usogeze mbali kidogo na mwili usije ukalaliwa. Mkono wa mbali uweke kifuani, mguu wa mbali upandishe juu ya mwenzake. Sasa kiganja kimoja begani mwake upande wa mbali, kingine kwenye nyonga, umlete kwako taratibu. Mguu wako mmoja uwe mbele, magoti yakunjike. Nguvu itoke mapajani. Kamwe usimvute kwa mkono uliopooza. Misuli ya bega hilo haina nguvu ya kulishika, likiteguka maumivu hayaishi.

Akishageuka, mto mmoja mgongoni, aegemee kama mashua iliyoinama kidogo, asilale juu ya mfupa wa nyonga moja kwa moja. Wa pili kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Pitisha kiganja chini ya kisigino, kisipopita, mto haujakaa. Wa nne unashika mkono uliopooza usianguke.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Andika ukutani: saa mbili mgongo, saa nne kushoto, saa sita kulia. Bila karatasi, kila mtu nyumbani huamini mwenzake ameshageuza.

Kumsogeza kuelekea kichwani mwa kitanda ni kazi ya watu wawili na leso iliyotandazwa chini yake kutoka mabegani hadi chini ya makalio. Mnashika kingo karibu na mwili na kuinua. Kumburuta kwa makwapa kunachubua ngozi ya makalio, na kidonda huanzia hapo.

Kuhusu kidonda: mabango husema tazama wekundu. Ngozi yetu haiwi nyekundu. Huwa nyeusi zaidi au zambarau, na ukiigusa kwa mgongo wa kiganja ni ya moto, au ngumu, au tepetepe kuliko ya jirani yake. Kagua kila unapomwogesha: chini ya uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa, masikio. Ukikuta alama, usisugue wala usipake spiriti. Mwondolee uzito mahali hapo, basi. Na ile ringi ya tyubu ya gari ambayo watu humkalishia mzee, iondoeni. Inabana damu kuzunguka sehemu ileile mnayotaka kuiokoa.

Lang'ata_to_Luanda
Sista, nailoni juu ya godoro vipi?

SistaWaNjoro
Iwe chini ya shuka, isiguse ngozi. Jasho likikaa, ngozi inalainika kama ya mtu aliyefua siku nzima, na hapo ni rahisi kuchanika.

FundiKibuye
Kiti cha choo cha kuwekwa chumbani. Watu hutoboa kiti cha plastiki, bei rahisi, lakini miguu yake hutanuka kwenye saruji yenye maji na ufa huanzia kwenye tundu. Afadhali mbao za inchi 2 kwa 2. Pima kutoka nyuma ya goti la mzee hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku. Huo ndio urefu wa kiti. Kikiwa kifupi hainuki, kikiwa kirefu miguu inaning'inia. Mikono ya kiti ifike mbele kabisa, maana hapo ndipo atakapojisukumia. Msasa mzuri pembeni mwa tundu, rangi ya mafuta ili mbao isinywe mkojo. Ndoo chini, maji kidogo ndani yake ili kuosha kuwe rahisi.

Fimbo: asimame wima, mikono ikiwa imelegea, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Raba ya chini ikilika, ibadilishwe siku hiyo. Na fimbo hushikwa mkono wa upande mzima, si upande wa mguu mbovu. Watu wengi hukosea hapo.

DawaBondeni
Nitasema ya dawa kwa sababu ndiyo huleta wazee wengi wakiwa wameanguka.

Dawa ya kukojoza (furosemaidi) hutolewa asubuhi. Ikitolewa jioni, mzee ataamka mara nne usiku, gizani, akiwa na usingizi, kwenda choo kilicho nje.

Presha msiipime ya kukaa tu. Akae dakika 5 kimya, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, mpime. Kisha asimame, mpime baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, kizunguzungu chake si uzee. Pelekeni namba hizo kwa daktari atazame dawa upya. Kama hamna mashine, wahudumu wa afya ya jamii wa kijiji walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari mwaka 2023. Muulizeni wenu.

Sukari: anayetumia glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) akikataa kula, msimpe kidonge ili "ratiba isivunjike". Pigeni simu kliniki kwanza. Akitoka jasho, akitetemeka au akiongea ovyo, pimeni. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, mradi anameza. Pimeni tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni, hospitali.

Na zile mbili za dukani: diklofenaki ya magoti kila siku huharibu figo na kupandisha presha, na Piriton ya mafua humchanganya mzee akili na kumfungia mkojo. Waulizeni pia majirani, maana wao huleta vidonge vya msaada.

MkaziWaMumias
Uji anakohoa, ugali anakataa. Afanyweje?

SistaWaNjoro
Akae wima kabisa, kidevu kielekee chini kidogo. Kijiko cha chai, si cha supu. Subiri koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Akiongea na sauti ina maji maji, acha. Chungulia shavu la upande uliopooza, chakula hujificha huko. Akae wima nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo humpalia kuliko vyote, kwa hiyo uji mzito humfaa kuliko mwepesi. Samaki awe mnofu uliochambuliwa kwa vidole. Omena wake wa mchuzi tuwaachie wengine. Na homa ikija baada ya siku za kukohoa mezani, fikirieni kichomi (nimonia).

Mwalimu_Marani
La kuchanganyikiwa. Mzee aliyetaja wajukuu wote Jumapili, Jumanne anaona nyoka ukutani, hajazeeka kwa siku mbili. Tafuteni mkojo wenye maambukizi, kichomi, malaria (kanda hii ya ziwa msiisahau), upungufu wa maji, choo kilichofunga, au kidonge kipya. Kituo cha afya siku hiyohiyo. Kusahau kunakokuja polepole kwa miezi ni jambo jingine.

Kwa anayetoka usiku: komeo liwekwe juu ambapo hatazami, makopo matupu yaning'inie mlangoni. Msimfungie na jiko au taa ya mafuta.

Na wajulisheni majirani mapema. Oktoba 2021 hapa Marani, akina mama wazee 4 waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Mwendeeni chifu na mwenyekiti wa Nyumba Kumi mkiwa na karatasi ya kliniki, mseme kwa lugha ya nyumbani kwamba ni ugonjwa wa ubongo.

NyarAhero
Asanteni sana. Pesa je?

Lang'ata_to_Luanda
SHA (bima ya afya ya serikali): mzazi hawi tegemezi wako, husajiliwa peke yake, *147#. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 kwenda juu, lakini usajili hufunguliwa kwa misimu, kwa hiyo kitambulisho kiwe tayari na chifu awe anamjua. Alama za vidole zikikataa, osheni kwa maji ya vuguvugu, pakeni mafuta kidogo, mfute, mjaribu vidole vingine.

Ndugu walio mjini msiwaambie "tusaidieni". Wapeni kitu kinachohesabika: daipa 3 kwa siku ni 90 kwa mwezi, huyo ni wewe. Wewe mwingine, Jumamosi saa nane hadi saa kumi na mbili unakuja kukaa naye, anayemtunza aende sokoni au alale.

MkaziWaMumias
Na mwenye katheta (mpira wa mkojo)?

SistaWaNjoro
Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Mwaga ukifika theluthi mbili. Mkojo usipotoka kwa muda wa saa nne, nyoosheni mpira kwanza, mara nyingi amelalia. Kama umenyooka na tumbo ni gumu, mpelekeni sasa, msingoje asubuhi.