Fremu, madeni, wafanyakazi: uliyewahi kufikishana mahakamani kwa ajili ya biashara yako, tupeane uzoefu

Mwenye fremu, Mbagala (mwanzisha mada)

Habari za leo wakuu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, na leo nimeona nilitoe, maana wiki iliyopita jirani yangu hapa sokoni naye amekuta kufuli lisilo lake mlangoni.

Nauza vitenge na nguo za watoto. Fremu niliipata kwa kilemba: nilimpa mpangaji aliyekuwa anatoka pesa yake, kisha nikamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi 6. Tukaandikiana kwa mkono, mashahidi wawili, kila mtu akatia sahihi. Mwezi wa nne mzee akafariki, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Wanawe wakataka fremu zote zivunjwe wajenge upya. Asubuhi moja nafika nakuta kufuli juu ya kufuli langu, na mzigo wa Idi wote uko ndani.

Nikakimbilia polisi. Wakaniambia hayo ni madai, si jinai. Nikaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akawaita wale vijana mara mbili, hawakutokea. Nikaenda mahakama ya mwanzo, karani akasoma karatasi yangu akasema mgogoro wa pango la jengo unakwenda upande wa ardhi. Nikafika baraza la ardhi na nyumba la wilaya, nako nikaulizwa: umeshapita kata?

Hapo ndipo pa kuelewa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Na baraza la wilaya halipokei shauri lako mpaka kata iandike kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda wilayani hata bila hiyo barua ya kata. Hilo mimi nilikuja kulijua baadaye. Nilikaa wiki saba nikisubiri barua. Idi ikapita.

Shauri lilipoanza, wakili wao akasimama kupinga ule mkataba wangu usipokelewe kwa sababu haujalipiwa ushuru wa stempu. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa fremu ya laki mbili kwa mwezi ni shilingi 24,000. Kwa ajili ya shilingi 24,000 nilikaa kwenye benchi pale nikitetemeka nikidhani kesi imekwisha. Nikapewa nafasi ya kwenda kulipa pamoja na faini, nikarudi, mkataba ukapokelewa.

Mwisho wake: nilirudishiwa kodi ya miezi niliyokuwa sijaitumia, na fremu ikafunguliwa nitoe mzigo. Nguo za watoto nusu zilikuwa zimelowa, bati lilikuwa linavuja na hakukuwa na mtu wa kuhamisha maboksi. Kilemba sikupata hata senti. Nilimpa mpangaji mwenzangu mkono kwa mkono, bila karatasi, na wana wa marehemu walisema kweli kwamba baba yao hakukipokea.

Naomba wenzangu mlete yenu. Msitaje majina ya watu wala ofisi, tupeane njia tu.

Mwenye hoteli ya chai, Mombasa

Pole sana dada. Huku kwetu Kenya mambo ya kodi za biashara yana sheria yake, Sura ya 301, ya maduka, hoteli na sehemu za kulia chakula, na baraza lake lenyewe la kusikiza kesi hizo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa: kama huna mkataba wa maandishi kabisa, au unao lakini ni wa miaka isiyozidi 5, wewe ndiye unayelindwa. Mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi ila kwa notisi iliyoandikwa katika fomu ya sheria, na hiyo notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili.

Mimi nililetewa barua ya siku 14. Kodi itoke shilingi 18,000 iende 35,000, ama nihame. Barua tupu, si ile fomu. Mzee mmoja mteja wangu, karani mstaafu, aliisoma huku anakunywa chai akanambia, "Hii si notisi mwanangu, lakini usilale." Na kweli baada ya mwezi ikaja ya sawasawa, fomu yenyewe, miezi miwili kamili.

Hapo ndipo wengi huumia. Notisi ikiwa sahihi na wewe ukanyamaza, siku ikifika inasimama. Ni lazima upeleke malalamiko yako barazani kabla ya tarehe iliyoandikwa. Nilipeleka siku tisa kabla. Nilipopeleka tu, kodi ikabaki ile ya zamani mpaka kesi iishe.

Jambo la pili: mwenye nyumba aliacha kupokea kodi. Namtumia kwa simu, anairudisha. Nikadhani nimepata afueni. Yule karani akanigombeza vibaya sana. Ukikaa miezi mitatu hujalipa, yeye ataenda kusema hulipi, na kutolipa kodi ni sababu ya kukutoa. Nikahifadhi kila ujumbe wa pesa iliyorudishwa, nikaomba baraza liamuru kodi iwekwe pahali. Uamuzi ulipotoka kodi ilikuwa 23,000. Ningali pale pale.

Mwenye fremu, Mbagala

Kaka, ulikuwa na wakili?

Mwenye hoteli ya chai, Mombasa

Mwanzo sikuwa naye. Nilimchukua siku ya kusikizwa tu, kwa sababu upande wa pili walikuja na wao na mthamini wao.

Muuza nafaka, Nakuru

Mimi ni mdai, si mdaiwa. Nilimpelekea mwenye shule mahindi na maharagwe kwa mkopo wa muhula mmoja, deni likafika shilingi 640,000. Muhula ukaisha, wa pili ukaisha, simu hazishikwi.

Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi mwaka 2021. Inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Nilipeleka hati za kupokea mzigo, kila moja ina sahihi ya mweka stoo wao na tarehe. Yeye akasema mahindi mengine yalikuwa na ukungu. Hakimu akamuuliza: ulimwandikia lini kwamba yana ukungu? Hakuwa amewahi kuandika. Siku ya 52 nikawa na hukumu mkononi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea kufurahi. Nilitoka pale nikapiga simu nyumbani nikasema tumeshinda, pesa zinakuja. Hukumu ni karatasi. Kama mwenzako hataki kulipa, ni juu yako kuomba ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu: umtafutie akaunti yake, gari lake, umlipe dalali wa mahakama gharama zake kwanza. Kukaza huko kulinichukua miezi minane, kuliko kesi yenyewe mara nne. Nimelipwa kwa mafungu na fungu la mwisho bado. Siku hizi kabla sijampa mtu mkopo nachunguza ana mali gani kwa jina lake. Majengo yale ya shule, kumbe, ni ya kupanga.

Seremala, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Yangu ni fupi. Kabati na vitanda vya nyumba ya wageni, jumla milioni 4.2, nililipwa milioni 1.5 ya kuanzia kazi. Hakukuwa na mkataba wa maandishi, tulikubaliana kwa mdomo na mengine kwenye simu.

Watu wengi mtaani walinikatisha tamaa kwamba bila karatasi huna kesi. Si kweli. Makubaliano ya mdomo ni mkataba kisheria, shida ni kuyathibitisha tu. Nilikwenda mahakama ya mwanzo, ambayo kwa madai kama haya inafika mpaka milioni 30, na pale kila kitu ni Kiswahili kuanzia hati ya madai mpaka hukumu. Ushahidi wangu ulikuwa jumbe za simu. Mwenye nyumba ile ya wageni alikuwa ameniandikia, "fundi vile vitanda vimefika, vizuri sana, hela nyingine mwisho wa mwezi." Ujumbe wa kielektroniki unapokelewa mahakamani tangu sheria ya mwaka 2015. Lakini msifute simu! Mimi simu yangu ya awali ilipasuka kioo nikataka kuiuza, mke wangu ndiye aliyenizuia. Ile ndiyo niliyokwenda nayo mbele ya hakimu.

Alikata rufaa mahakama ya wilaya. Ana siku 30 za kufanya hivyo, yeye akaenda siku ya 41, ikatupwa.

Mwoka mikate, Arusha

Mimi nilishindwa, na nilistahili kushindwa. Naandika kwa sababu hapa naona wote tumekaa upande wa kuonewa, na wenye biashara ndogo nasi tunaonea.

Nilikuwa na kijana wa tanuri, miaka mitatu kwangu, hana mkataba wa maandishi. Siku moja mikate ya oda iliungua, gunia zima la unga. Nikamwambia toka na usirudi. Nikamlipa siku zake nikadhani yamekwisha. Ndani ya siku 30, ambazo ndizo sheria inampa mtu aliyeachishwa, akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikaletewa wito. Nikauweka juu ya friji, nikasema kijana huyu ataniweza wapi. Wito wa pili vilevile.

Uamuzi ukatoka mimi sipo. Nilipokimbilia wakili ndipo nikaelezwa kwamba mwajiri asipoweza kuonyesha maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake. Yaani kijana akisema mshahara ulikuwa kiasi fulani, ni mimi wa kuonyesha kwamba sivyo, na mimi sina hata kipande cha karatasi. Wala sikuwa nimemwonya kwa barua, wala kumsikiliza. Hata siku ile ya mikate: umeme ulikatika ukarudi, kipima joto cha tanuri kikaharibika. Sikumuuliza. Angeniambia.

Nimelipa. Niliuza mashine ya kukandia unga kulipa. Kijana nilikutana naye msibani mwaka jana, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Sasa ninao watatu, wote wana mikataba, ukurasa mmoja mmoja tu, nimeichapa mwenyewe.

Mwenye fremu, Mbagala

Mama, ahsante kwa kusema. Huu wako nimeusoma mara mbili.

Msambazaji wa vinywaji, Kajiado

Mimi nataka kuleta kesi ambayo haikuwa yangu peke yangu, ila iliniokoa.

Sheria ya fedha ya Kenya ya mwaka 2020 ilileta kodi ya kima cha chini, ikaanza Januari 2021: asilimia 1 ya mauzo yote, upate faida au upate hasara. Kwa mtu anayesikia asilimia 1 ni kitu kidogo. Mimi kwenye kreti nabaki na kama shilingi 3 kwa kila 100. Asilimia 1 ya mauzo ni thuluthi ya faida yangu yote, na mwezi wa hasara natoa mfukoni. Na huo ndio wakati wa korona, baa zinafungwa mapema, madeni yamejaa daftari.

Waliokwenda kortini ni chama cha wenye baa wa Kitengela. Si kampuni kubwa, ni watu wa kaunta kama sisi. Mahakama Kuu ya Machakos ikasimamisha kodi hiyo kwanza, kisha tarehe 20 Septemba 2021 Jaji George Odunga akaitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hoja niliyoielewa mimi ni hii: kodi ya mapato hutozwa mapato, na mauzo si mapato. Mamlaka ya mapato ikakata rufaa, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi wa Machakos.

Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja wa wafanyabiashara ambapo watu walisema tuchange tuende kortini juu ya jambo letu jingine, ada za kaunti, na wengi wakacheka kwamba serikali haishtakiwi. Nikasimama nikawaambia habari ya Kitengela. Tulichanga siku ile ile. Kesi yetu bado iko mbele ya jaji kwa hiyo sitaieleza.

Fundi cherehani, Malindi

Samahanini, mimi si mzoefu, naomba msaada. Nimesoma yote tangu juu. Nina chumba cha cherehani tatu, mwaka wa sita sasa, hatujawahi kuandikiana chochote na mwenye nyumba. Nimeletewa karatasi, si barua ya kawaida, ni fomu yenye sehemu za kujaza, imesema nihame kwa sababu ataka kukitumia chumba mwenyewe. Nimeiweka kabatini kwa sababu kila nikiiona moyo wanienda mbio. Nifanye nini?

Mwenye hoteli ya chai, Mombasa

Dada, itoe kabatini sasa hivi. Angalia tarehe mbili: siku uliyoipokea, na siku iliyoandikwa kwamba itaanza kazi. Nambie zote mbili hapa hapa, usiku huu.