Naomba ushauri: adui anasikia vizuri kuliko mwenzangu, siri naipataje?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, mada ni ile ya mtafiti Wyner ya 1975 kuhusu kutuma ujumbe wa siri, yaani kelele za chaneli (njia ya mawasiliano) zenyewe ndo zinamnyima adui anayedukua ujumbe hata awe na kompyuta ya namna gani.

Upande rahisi uko poa: mwenzangu akipokea biti mbovu asilimia 5 na adui asilimia 15, natoa entropi (kipimo cha kutokuwa na uhakika) ya 0.05 kwenye ile ya 0.15, nabaki na kama biti 0.32 za siri kwa kila biti ninayotuma. Shida nikigeuza, adui ndo awe karibu na antena, jibu sifuri. Sasa mtafiti Maurer kwenye kazi yake ya 1993 anasema ufunguo wa siri bado unaweza kupatikana mkijadiliana hadharani na adui anasikia kila kitu ilimradi hawezi kubadili maneno, yani biti moja unaifunika kwa kifurushi kizima cha biti zenye kelele, mwenzako anabakiza tu vifurushi ambavyo biti zote zimekubaliana. Nimeisimuleti kwa Python, makosa ya mwenzangu yanashuka kweli ila ya adui nayo yanashuka, sema taratibu kidogo.

Naomba kujua, urefu wa kifurushi mnauchaguaje, maana kikiwa kirefu karibu vyote vinatupwa? Na mwishoni kwenye hashi (hatua ya kufupisha ufunguo ili alichokijua adui kisimsaidie) nikate biti ngapi wakati kelele ya adui naikadiria tu? Mwenye code yake ya programu aimwage hapa jamani.